Kuhusu huo ukuta wenu

Kaka, habari za siku nyingi,

Samahani kwa kimya. Ile vois yako ya dakika kumi na moja niliisikiliza siku ileile ila nikasema hii sijibu kwa simu, tukianza kuongea tutagombana halafu salio litakata kabla hatujapatana, bora niandike nikiwa nimetulia. Hongera kwa kuingizwa kwenye hiyo kamati, hata kama we unaiita adhabu. Na pole pia, manake naona wamekuweka katikati ya watu ambao washaacha hata kusalimiana, huku wanaotaka ukuta wa bahari uanze kujengwa kesho asubuhi, kule wanaosema hakuna kugusa hata mche mmoja wa mkoko. Halafu mwishoni ukanigeuza hakimu, "sema wewe sasa, ndege au watu?", yaani tulinde mikoko na ndege wake au nyumba za watu.

Hilo swali ndo limenichelewesha. Nimelizungusha kichwani wiki nzima na kila nikilijibu naona nimejibu kitu ambacho hakipo.

Kwanza nikuungamie jambo. Unakumbuka ile miaka niliyokuwa nachora ramani za matuta ya kuzuia bahari? Kuna tuta moja tulijenga, sitaji wapi wala kwa nani, mbele yake kulikuwa na kinamasi cha maji ya chumvi, majani mafupi hayafiki magotini, tope, kaa, na ile harufu ya yai bovu. Kwenye mchoro wangu lile eneo niliandika "eneo tupu". Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Tukapitisha mashine juu yake, tukachimba udongo wa tuta palepale mbele kwa sababu ndo karibu, tukamaliza kabla ya muda na tukapongezwa. Baada ya misimu michache ya dhoruba nikarudi na wakaguzi wakati maji yamekupwa, nikakuta mguu wa tuta umeliwa, mawe yananing'inia, chini yake pameachia uwazi mtoto anaweza kuingia akajificha. Kile nilichokiita tupu ndicho kilichokuwa kinaichosha bahari kabla haijatufikia, sisi tukakichimba tukakifanya tuta, halafu tukashangaa tuta linaliwa.

Manake wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halifi, linarudi, na likirudi linachota mchanga wa chini na kuondoka nao. Kinamasi hakigongi wimbi, kinalikwaruza, kila jani na kila mzizi unalipunguzia kidogo mpaka linafika kwenye tuta likiwa limechoka. Ndo maana tuta lenye kinamasi mbele yake linaweza kuwa fupi na jepesi kuliko tuta linalotazamana na bahari uso kwa uso. Na kuna kitu kingine ambacho zege haliwezi, kinamasi kinakua. Maji yakijaa yanaleta matope, majani yanayashika, mwaka hadi mwaka ardhi inapanda milimita kadhaa. Bahari ikipanda nacho kinapanda, ikizidi kinahama taratibu kuelekea nchi kavu. Sasa we ukishaweka ukuta nyuma yake hakina pa kuhamia, kinabanwa katikati mpaka kinaisha, na siku kikiisha mnaanza kuongeza urefu wa ukuta, mnaongeza na mnaongeza.

Haya, hapo watu wa mikoko kwenye kamati yenu watapiga makofi. Wasipige bado.

Waambie na hili. Tafiti zikikusanywa zinaonyesha mita 100 za mikoko zinapunguza urefu wa wimbi kwa asilimia 13 mpaka 66, na mita 500 kwa asilimia 50 mpaka 99. Umeona huo upana wa namba? Inategemea miti ipoje, mizizi ipoje, maji yana kina gani siku hiyo. Na hayo ni mawimbi tu. Kimbunga hakiji na mawimbi peke yake, kinakuja na bahari yenyewe imeinuka, yaani maji yote yamesukumwa na upepo kuelekea nchi kavu yakakaa juu kwa masaa, na hayo maji mikoko inayapunguza sentimita 5 mpaka 50 tu kwa kila kilomita nzima ya msitu. Kilomita, kaka. Sasa mtu ana mikoko ya upana wa mita thelathini mbele ya nyumba za watu anasimama kwenye kikao anasema asili itatulinda, huyo anawadanganya, na anadanganya watu ambao watakuwa wamelala usiku maji yakiingia. Mimi nawapenda hao watu lakini kwenye hili huwa wananiudhi kuliko hata wa zege, sababu wa zege akikosea unaona ufa.

Ila ngoja nikupe kisa cha Uholanzi, maana naamini jamaa mmoja kwenye kamati atawatajia Uholanzi kama mfano wa ukuta, huwa hawakosi.

Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953 bahari iliwaingilia, wakafa watu 1,836. Baada ya hapo wakasema haitatokea tena, wakaanza kuziba midomo ya bahari mmoja mmoja. Mmojawapo ni Oosterschelde, ghuba kubwa ya maji ya chumvi, ina chaza, kome, mafungu ya mchanga yanayotoka maji yakipwa na ndege maelfu wanakula pale. Mpango ulikuwa kuifunga kabisa kwa bwawa igeuke maji baridi. Wavuvi wa chaza na watu wa mazingira wakakataa, na hawa si watu waliokuwa hawajui mafuriko, ni watu walewale wa 1953. Mvutano ukaenda miaka, mpaka 1976 serikali ikabadilisha mchoro, badala ya bwawa wakaamua kujenga malango 62 makubwa ya chuma yanayokaa wazi siku zote na kufungwa dhoruba ikija tu, maji yakitabiriwa kufika mita 3 juu ya kiwango chao cha kupimia urefu wa maji. Ilikuwa ghali kuliko bwawa, ikachelewa, ikafunguliwa 1986. Hapo ndo kila mtu anaishia kusimulia, ooh wameshinda wote, ndege na watu.

Sasa mimi nakusimulia kilichofuata. Zile nguzo za malango zimebana mdomo wa ghuba, maji yanayoingia na kutoka yamepungua na mkondo umekosa nguvu. Zamani dhoruba ilikuwa inaumega mchanga wa mafungu na kuutupa kwenye mikondo yenye kina, halafu maji ya kila siku yanaurudisha juu. Sasa dhoruba bado inaumega lakini maji ya kila siku hayana nguvu ya kuurudisha. Mikondo inakula mchanga haishibi, wenyewe wameipa jina, njaa ya mchanga. Mafungu yanazidi kuwa mafupi mwaka hadi mwaka, ndege wanapungukiwa muda wa kula, na hapa ndipo pa kusikiliza vizuri, yale mafungu yalikuwa yanavunja mawimbi mbele ya matuta yaliyoko ndani ya ghuba, yakiisha matuta yanapigwa zaidi. Mwaka 2019 na 2020 ikabidi wachukue mchanga zaidi ya mita za ujazo milioni 1 wakaumwage juu ya fungu moja linaitwa Roggenplaat. Watarudia tena, na tena. Sikwambii walikosea, mimi ningekuwa pale 1976 ningenyoosha mkono kwa malango. Nakwambia tu kwamba hata ukipatanisha vizuri namna ile bado kuna deni linabaki, na deni hilo mlipaji wake mnatakiwa mumjue leo.

Venisi kule Italia nao wameanza safari hiyohiyo. Malango yao 78 yaliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji Oktoba 2020 na mji ukakaa mkavu, watu wakafurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini vinamasi vya ile ghuba yao vilikuwa vinalishwa matope na maji hayohayo makubwa wanayoyafungia nje.

Bangladeshi ndo inaniuma zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 walizungushia matuta visiwa vya pwani, polda 139, yaani vipande vya ardhi vilivyozungukwa na matuta, ili watu walime mpunga bila chumvi. Na kweli walilima. Ila lile tope la mto na bahari lililokuwa likija kila maji yakijaa likazuiliwa nje, likaanza kujaa kwenye mito badala ya mashambani, mito ikawa juu na mashamba yakawa chini, mvua ikinyesha maji hayana pa kutokea. Sehemu moja inaitwa Beel Dakatia wananchi wenyewe mwaka 1990 walilikata tuta, kwa majembe yao, waliokuwa wanalindwa ndo waliolikata! Kisha Mei 2009 kikaja kimbunga Aila, matuta yakavunjika, na polda namba 32 ikakaa maji yakiingia na kutoka karibu miaka miwili kwa sababu ardhi ndani ilikuwa chini ya kiwango cha maji kujaa kwa mita 1 mpaka 1.5. Jirani yake ni msitu wa mikoko wa Sundarbans, hauna tuta lolote, ardhi yake imepanda pamoja na maji haina tatizo. Nilipoisoma hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Na hiyo ya ardhi kushuka usiidharau kwenye hesabu zenu. Ukikausha kinamasi udongo wake unanywea, na kama ni ule mweusi wa majani yaliyooza unaungua polepole kwa hewa. Uingereza kuna nguzo ya chuma, Holme Post, waliizika ardhini mwaka 1851 kichwa chake kikiwa usawa wa ardhi, leo imesimama kama mita 4 juu. Nguzo haijasogea, ardhi ndo imeondoka. Sasa mtu akikwambia nyuma ya ukuta mtapata ardhi mpya ya kujenga, muulize baada ya miaka hamsini hiyo ardhi itakuwa usawa gani na pampu nani atakuwa anailipia.

Sasa nije kwenye swali lako, ndege au watu. Mimi naona kaka wanaogombana kweli sio ndege na watu. Ni watu na watu. Aliye nyuma kabisa anataka usalama na aliye katikati ndo anaombwa atoe shamba.

Kuna polda mpakani mwa Uholanzi na Ubelgiji, Hedwigepolder, karibu hekta 300. Walichimba mto Westerschelde uwe na kina meli kubwa zifike bandari ya Antwerpen, mto ukapoteza vinamasi, hivyo 2005 nchi mbili zikakubaliana hiyo polda ibomolewe tuta irudishiwe bahari kama fidia kwa asili. We! Watu wa Zeeland, mkoa wa Uholanzi wenye hiyo polda, waligoma, kesi, serikali ikabadilika badilika, mpaka Oktoba 2022 ndo tuta likakatwa. Miaka kumi na saba kwa hekta 300. Wengi wanawacheka wale wakulima, eti wanang'ang'ania viazi. Mimi siwacheki. Bibi yako amekufa 1953, babu yako amerudisha ile ardhi kwa mikono yake, leo anakuja mtu na ramani anakwambia turudishe maji, na sababu yenyewe ni meli za bandari ya watu wengine. Hapo huhitaji kuchukia ndege ndo ukasirike.

Marekani hali kadhalika. Jimbo la Louisiana limepoteza karibu kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani tangu 1932, sababu ziko nyingi ila kubwa mojawapo ni matuta ya mto Mississippi ambayo yanabeba tope lote mpaka baharini kwenye kina badala ya kulimwaga pembeni. Kimbunga Katrina kilipokuja 2005 kile kinamasi kilichokuwa kinatangulia kupokea ngumi kilikuwa kishapungua sana. Wakabuni mradi wa kutoboa tuta kwa mpango ili maji na tope viende kujenga kinamasi upya, Mid-Barataria, wa dola karibu bilioni 3, wakaanza kazi 2023. Wavuvi wa chaza na kamba wakasema maji baridi yatatuua, na walikuwa wakweli, yangewaua kibiashara. 2025 jimbo likaufuta. Hapo nani adui wa mazingira? Mvuvi anayeishi kwa kinamasi amepinga mradi wa kukifufua kinamasi, kwa sababu kinamasi cha miaka hamsini ijayo hakilipi madeni ya mwaka huu. Nadhani mradi ulitakiwa uendelee, nakwambia wazi, lakini ningewalipa kwanza wale wavuvi, kabla ya tingatinga la kwanza kufika, wala sio ahadi ya semina.

Nimeona mahali pamoja ambapo ilikwenda vizuri, au niseme vizuri kiasi, kusini mwa Uingereza, Medmerry. Walikuwa na ukingo wa kokoto wanaurundika upya kila mwaka na bahari inaushusha. Wakaacha kupigana nao. Wakajenga tuta jipya la kilomita 7 ndani kabisa mbali na bahari, halafu Septemba 2013 wakautoboa ule ukingo wa zamani makusudi, maji yakaingia, kukazaliwa hekta 183 za kinamasi na matope. Miezi michache baadaye ikaja baridi yenye dhoruba mbaya na nyumba za nyuma zikapona. Kwa hiyo tuta lipo! Watu wa ukuta wamepata ukuta wao, ila umerudi nyuma, na mbele yake pameachwa nafasi. Lakini usiende kuuza hiyo kwenye kamati kama dawa ya kila kitu, pale ardhi ya katikati ilikuwa mashamba ikanunuliwa. Kama ufukwe wenu umeshajaa nyumba mpaka mlangoni mwa maji, hakuna pa kurudi nyuma, hapo mtajenga ukuta tu na mtapoteza kinamasi, na bora mseme hivyo kwa mdomo kuliko kuandika kwenye ripoti kwamba "athari zitapunguzwa".

Manake hilo neno nalo nina ugomvi nalo. Watakuja na ahadi ya fidia, tunakata hapa tunapanda kule. Hata mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, unasema nchi ikipunguza mipaka ya ardhioevu iliyoorodheshwa kwa sababu ya haja ya haraka ya taifa, ifidie kadiri inavyowezekana. Sawa, kufidia kupo. Ila uliza kule ni wapi. Kama ni kwenye matope wazi ambako mikoko haikuwahi kuota, kuna sababu haikuota, maji yanakaa muda mrefu mno, miche inazama. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 watu walipanda mikoko kwa moyo wote, utafiti wa 2017 ukapitia maeneo 23 yaliyopandwa, 9 hayakuwa na hata mche mmoja hai. Picha za siku ya kupanda bila shaka zilipendeza.

Na huo mkoko wenyewe una kikomo chake. Bahari kati ya 2006 na 2018 ilikuwa inapanda kama milimita 3.7 kwa mwaka, wanasayansi wanakadiria ikivuka 6 na kidogo mikoko mingi haitaweza kupanda nayo. Kwa hiyo anayesema tusubiri kwanza tuone, naye anachagua, tena anachagua vibaya.

Basi mimi ningekuwa wewe kwenye hicho kikao nisingepiga kura ya ukuta ndiyo au hapana. Ningeomba mchoro wa ubavu, ule unaoonyesha bahari, matope, tuta na nyumba kwa mstari mmoja, halafu ningechukua kalamu ningeuliza huo mstari wa ukuta kwa nini upo hapa na sio hapa nyuma, mita mia tatu, nani anamiliki hizo mita mia tatu, mmeshaongea naye au mnamwongelea. Yeye yupo humu ndani? Kwenye vois yako yote dakika kumi na moja hukumtaja mtu wa namna hiyo hata mara moja, umetaja wahandisi, mwenyekiti, dada wa mikoko, ila mwenye shamba hapana. Nenda kamtafute kabla ya kikao, nenda bila ramani.

Halafu nina ombi. Subiri bamvua, maji yakipwa kabisa vaa buti ushuke mpaka kwenye lile tuta la zamani mlilonalo, usisimame juu, shuka, unipigie picha ya mguu wake kwa karibu, na nyingine ukiupa mgongo uonyeshe kilichopo mbele, hata kama unaona hakuna kitu. Hasa kama unaona hakuna kitu. Weka kijiti au mguu wako nipate kipimo. Nitumie kabla ya kikao nami nitakuchorea usiku huohuo.

Wasalimie nyumbani, mwambie mama nitampigia.

Wako,
yule wa "eneo tupu"